Gari la zamani: Chunguza rangi iliyo chini kabla ya kupaka mpya

PEUGEOT 404 iliyoegeshwa nyuma ya nyumba kwa miaka mingi ikishaondolewa kutu, mabati yake yakanyooshwa na matundu kuzibwa, kinachosalia machoni pa mwenyewe ni rangi tu. Hapo ndipo wengi hukosea. Humwambia fundi kwamba wanataka nyeupe au samawati, wakadhani wamekwisha kuchagua, kumbe swali kubwa hata halijaulizwa.

Swali hilo ni la aina ya rangi, wala si sura yake. Likijibiwa vibaya, kazi ya miezi kadhaa inaweza kukunjamana kwa dakika chache mithili ya utando wa maziwa yaliyopoa, na fedha zikawa zimekwenda na maji. Zaidi ya hayo, aina inayopendwa mno siku hizi inaweza kumwachia fundi maradhi ya mapafu.

Magari ya awali kabisa yalipakwa vanishi ya aina iliyotumiwa katika magari ya kukokotwa na farasi, kazi iliyochukua wiki kadhaa. Ndipo katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani ikaleta Duco, rangi ya selulosi iliyokauka kwa muda mfupi mno. Kampuni ya General Motors iliitumia katika magari yake ya Oakland ya mwaka 1924. Baadaye zikaja enameli, kisha akriliki, na kuanzia miaka ya 1970 zikaenea rangi za kuchanganywa na hadina, ambazo mafundi huziita tuke.

Kwa hivyo gari la 1950 na gari la 1985 hayakuvaa vazi moja kiwandani, hata kama yote mawili ni mekundu.

Selulosi hukauka kwa thina kuvukiza tu. Kila tabaka huwa jembamba, na fundi hulazimika kupuliza mara nyingi, apige msasa wa maji, kisha ang'arishe kwa mkono wenye subira. Malipo ya jasho hilo ni mng'ao mtulivu ambao wapenzi wa magari ya kale huutambua wakiwa mbali. Faida nyingine ni kwamba tabaka jipya huyeyukia katika lile la kale, hivyo mkwaruzo hurekebishika bila kupaka mlango mzima.

Lakini rangi hii ni dhaifu. Petroli ikimwagikia huacha doa, na jua huichosha. Isitoshe, haipatani na hewa ya unyevunyevu kama ya Mombasa. Thina inapovukiza kwa kasi hulipoza bati, maji yaliyo hewani yakatua juu ya rangi mbichi, nayo ikageuka nyeupe kama iliyofunikwa na ukungu. Fundi wa pwani hana budi kuepuka siku za mvua na kutumia thina inayovukiza polepole.

Rangi ya hadina haina matatizo hayo. Hukauka kwa viambato viwili kuungana, huwa ngumu, hustahimili petroli na jua, na hutosheka na matabaka machache. Kasoro yake kwa macho ni kwamba ikipulizwa nene juu ya gari la miaka ya 1950 hulipa gari hilo sura ya kikombe cha plastiki. Lakini hilo ni jambo la ladha.

Jambo lisilo la ladha ni hadina yenyewe. Nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya pumu inayotokana na kazi. Mwili wa fundi ukishazikataa, hata kiasi kidogo mno huweza kumletea shambulio, na wengine hulazimika kuacha kazi hiyo kabisa. Kitambaa puani au barakoa ya vumbi havisaidii. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali na mahali pa kupulizia, na chumba chenye kufyonza hewa chafu. Katika gereji ya jua kali, ambako mama wa chai yuko hatua chache tu, moshi huo huwafikia wengi. Mwenye gari asiyeweza kupata gereji yenye vifaa hivyo ni heri aiache rangi hii, hata akiambiwa ndiyo ya kudumu.

Kabla ya kununua chochote, jaribio moja la bei nafuu lifanywe. Kitambaa cheupe kilowekwe thina ya selulosi kisha kisuguliwe mahali pa siri, kwa mfano ndani ya buti. Rangi ikitoka na kukipaka kitambaa, ya zamani ni selulosi au jamii yake. Ikivimba na kukunjamana, yaelekea ni enameli, na kupuliza selulosi juu yake ni kujitafutia hasara. Isipobadilika, huenda ni ya hadina. Pakiwa na shaka, dawa ni kuikwangua yote hadi kwenye bati na kuanza na praima.

Kukwangua nako kuna hatari yake. Rangi nyingi za kale, hasa za manjano na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi. Msasa mkavu hugeuza madini hayo kuwa vumbi la kuvutwa puani, na watoto ndio huathirika zaidi. Msasa utumiwe pamoja na maji, na takataka zikusanywe zisitapakae uani.

Ndipo sura ya rangi ijadiliwe. Viwanda vingi viliipa kila rangi namba. Volkswagen, mathalani, iliita nyeupe ya lulu L87 na nyekundu ya yakuti L456. Namba ikikosekana, rangi asilia hutafutwa chini ya zulia au nyuma ya dashibodi, ambako jua halikufika. Kuiga rangi ya boneti ni kuiga iliyopauka. Muuzaji akishachanganya, ipulizwe kwanza kwenye kipande cha bati na kutazamwa nje, asubuhi na alasiri, kwani taa ya dukani hudanganya.

Katika mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza Nairobi mwaka 1970, rangi hukaguliwa kwa makini. Hata Ulaya, sheria ya mwaka 2004 iliyopunguza kemikali zinazovukiza kutoka kwa rangi za magari iliacha mwanya wa vibali maalumu kwa magari ya kihistoria.

Kazi ikikamilika, mwenye gari aombe rangi iliyobaki katika mkebe uliofungwa vyema, na aandike namba yake, aina yake na thina iliyotumika. Fundi atakayeitwa kurekebisha mkwaruzo miaka kumi baadaye hatalazimika kurudia jaribio la kitambaa.