Je, Wajua? Kadi ya Njano Haimlindi Msafiri Peke Yake
Hadi 2016 Asia haikuwa imethibitisha mgonjwa hata mmoja wa homa ya manjano, ingawa mbu aina ya Aedes anayeieneza amejaa huko. Mwaka huo Wachina 11 walirudi kwao kutoka Angola wakiwa nayo. Kenya nayo ilipata wagonjwa wawili waliotoka huko huko. Wapo wasemao dawa ya mbu yatosha bila chanjo. Husaidia, lakini mbu huyu huuma mchana, wakati chandarua kimefungwa juu, na virusi hujificha mwilini siku 3 hadi 6 kabla ya homa kupanda: muda tele wa kuvuka bahari kwa ndege. Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa hii, huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, basi usingoje tarehe ya safari ikaribie.