Mgeni Ajaye na Jembe Lake

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo twataka kumtazama mgeni ajaye na jembe lake mkononi, yaani mtu wa kujitolea. Shirika la VSO lilianza Uingereza mwaka 1958. Lile la Peace Corps liliundwa Marekani mwaka 1961, na mwaka huo huo baadhi ya watu wake wa kwanza walifika Tanganyika, kwa posho ya kujikimu.

Natumfikiri mgeni wa namna hiyo katika Digodigo, wilaya ya Ngorongoro, kwa Watemi, ambao wengine huwaita Wasonjo. Amejifunza Kiswahili kwa taabu, kumbe jirani zake husemezana Kitemi, moyo wamshuka. Jioni jirani amletea chakula. Moyo wapanda tena. Kesho aona mifereji itokayo chemchemini, ataka kuitengeneza mara moja. Lakini maji yale yana wenyewe: wazee wa baraza ndio wagawao zamu tangu kale, wala mtu hafungui mfereji apendavyo.

Hapo ndipo penye mtihani wake. Akikasirika, siku zake zitakuwa ndefu. Akiketi na kuwauliza wazee, atafahamu kwamba kazi aliyokuja kuifundisha ilijulikana hapa kabla babu yake hajazaliwa.

Nasi wenyeji tusimcheke akikosea salamu. Tumwachie jembe lake, lakini kwanza tumwonyeshe maji yapitako.