Watoto Si Mfuko wa Pensheni

Kila semina ya hifadhi ya jamii lazima ainuke mmoja aulize: "Mtaalamu, nina watoto sita na nimewasomesha. Mfuko wa nini tena?" Basi tuipige hesabu ya watoto hao hapa, nisiulizwe tena.

Mtoto hutuma alichonacho. Alichonacho kinatokana na kazi, kazi inatokana na shule, na shule ililipiwa na mzazi. Ndiyo maana mwalimu mstaafu, mwenye pensheni kila mwezi, ndiye huyo huyo mwenye binti mhasibu Dodoma. Jirani yake amekaanga vitumbua miaka 40 bila kuchangia popote. Mwanawe ni dereva wa bodaboda, na kila jioni anadaiwa hesabu ya bosi. Wote wana watoto wema. Nenda kwa wakala wa simu mwisho wa mwezi uone: mwalimu anatoa pensheni, na ya binti juu yake. Muuza vitumbua anatoa elfu kumi, tena pungufu, maana ada ya kutolea haikutumwa. Watoto hawakuziba pengo la wazazi wao, wamelipanua.

Kwa hiyo msinipigie porojo za maadili kuporomoka. Kijana yule hajamsahau mama, hana tu. Wanawe wanadai sare na daftari, na siku akianguka na pikipiki, pensheni ya mama imelazwa wodini. Kati ya wazee hao wasio na mfuko, mjane ndiye anayeumia zaidi: shamba alilolilima lina jina la marehemu, na mashemeji wanakuja kulipima matanga hayajaanuliwa.

Zanzibar haikungoja watoto. Tangu Aprili 2016, Pensheni Jamii inawafikia wenye miaka 70 na zaidi, muuza vitumbua sawa na mkurugenzi mstaafu. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ndogo, lakini haiulizi umezaa wangapi.

Haya, ya kufanya. Umejiajiri Bara? Changia mfuko wa NSSF kwa hiari. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180, kwa hiyo mwenye miaka 45 hana mwezi wa kupoteza. Umeajiriwa? Omba taarifa ya michango yako leo, usisubiri kustaafu ndipo ugundue mwajiri hakupeleka. Shamba la kijiji? Hati ya kimila, majina ya mume na mke. Uko Unguja au Pemba, umefika 70? Nenda kwa sheha, ulizia Pensheni Jamii. Uko Kenya? Ulizia Inua Jamii, mpango wa serikali wa fedha kwa wazee.

Watoto wakituma, pokea, waombee dua. Kwenye bajeti usiwaandike.