Spika za masikioni: mfanyabiashara, ijue resini unayouza

JINJA/MBALE. Wapiga ngoma ya kadodi wa Mbale, ambako msimu wa Imbalu hufunguliwa kila baada ya miaka miwili, na wasanii wa Nyege Nyege, tamasha lililoanza Jinja mwaka 2015, wana adui mmoja: kelele. Spika ndogo yenye umbo la sikio la mwenyewe huzuia kelele za nje, hivyo msanii hujisikia bila kuongeza sauti.

Siku hizi fundi anaweza kuitengeneza nyumbani. Mtaalamu wa masikio huweka kizibo laini ndani ya sikio, kisha huingiza silikoni. Ikiganda, umbo lake huskaniwa, na printa hujenga ganda tabaka kwa tabaka kwa kugandisha resini kwa mwanga. Spika na nyaya hupachikwa ndani.

Hatari iko kwenye resini. Ikiwa mbichi, huwasha ngozi na huweza kuleta mzio. Fundi avae glavu, aoshe ganda kwa spiriti, kisha alikaushe na kulikomaza kwa mwanga wa urujuanimno. Resini ya kuchapia sanamu haifai. Ipo iliyopimwa kwa kugusa mwili. Anayeiuza adai hati ya vipimo kwa msambazaji.

Tena, cheti cha uasili kilichorahisishwa, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki. Resini ya China haimo. Ukifika Busia au Malaba, itangaze forodhani, lipa ushuru, tunza risiti.