Kisanduku Mlimani: Mchezo Usiokosa Sheria

Maliba, wilayani Kasese, ni mlango wa Milima ya Rwenzori. Kutoka Nyakalengija njia hufuata bonde la mto Mubuku na kupanda hadi kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Mandhari kama hayo huwavutia wapenzi wa mchezo uitwao jiokashi.

Mchezo huo ulianza Mei 2000, Marekani ilipoacha kufifisha ishara za satelaiti zake za kijeshi kwa watumiaji wa kiraia. Muda mfupi baadaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo. Leo wachezaji huficha kisanduku chenye daftari. Akipataye huandika jina na kukirudisha palepale.

Sheria za mchezo ni wazi. Idhini ya mwenye ardhi itangulie, ardhi isichimbwe, chakula na baruti visitiwe ndani.

Sheria hizo zina maana kubwa Maliba. Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu 1991 na Urithi wa Dunia tangu 1994. Huko Bujuku ardhi ni tope la mboji, na mahali pengine mbao zimetandazwa ili miguu isiliharibu. Watafutaji wakiiacha njia, mimea iliyokua kwa miaka mingi hukanyagwa kwa siku moja. Tena, kwa Wakonzo, mlima huo ni makao ya Kitasamba. Si pahali pa kufukuliwa ovyo.

Liko pia suala la usalama. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, karibu na Bwera, na hifadhi ikafungwa tangu 1997 hadi 2001. Katika nchi iliyoonja hayo, kopo lililofichwa huleta hofu. Hata Wetherby, Uingereza, mwaka 2011 wataalamu wa mabomu walilipua kisanduku cha mchezo huo wakidhani ni bomu.

Basi mgeni hana budi kuomba idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kuwaarifu polisi, na kuandika juu ya kisanduku ni kitu gani. Wazazi nao wawafunze watoto: kitu kisichojulikana hakiguswi, mtu hurudi nyuma, hukumbuka mahali, huwaita askari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hapana kupona pasipo kubisha hodi.