Mtoto Anapotumwa Kupigwa Sitiskani ya Moyo au Kifua

Mama mmoja aliniletea mtoto wake wa miaka 4 hapa zahanati. Mtoto akicheza kidogo huchuchumaa na kuhema, na midomo yake hugeuka rangi kuwa ya buluu. Nilimwandikia barua aende hospitali. Huko alipigwa sitiskani ya kifua. Baada ya miezi miwili akapelekwa hospitali kubwa zaidi. Daktari akauliza, "Ile picha ya kwanza iko wapi?" Sidii ya picha ilikuwa imetundikwa katika shamba la mpunga kufukuza ndege. Mtoto akapigwa sitiskani mara ya pili. Kosa ni langu pia. Barua niliandika mimi, na sikumwambia mama atunze kila anachopewa.

Sitiskani ni mashine ya eksirei. Humzunguka mgonjwa na kupiga picha nyingi, kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Kwa hiyo mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida. Eksirei moja ya kifua cha mtoto ni sawa na mionzi ya siku chache tu tunayoipata sote kutoka ardhini na angani. Sitiskani ya kifua yaweza kuwa sawa na ya miezi kadhaa, hata mwaka na zaidi, ikiwa mashine haikupunguzwa nguvu.

Mtoto ana mwili unaokua, na ana miaka mingi mbele yake. Madhara ya mionzi hupata nafasi ya kutokea baadaye. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walieleza habari za watoto na vijana zaidi ya 170,000 waliopigwa sitiskani. Walikadiria kwamba, kwa watoto wa chini ya miaka 10, kila sitiskani 10,000 za kichwa huongeza mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo katika miaka kumi inayofuata. Hatari hiyo ni ndogo. Moyo mbovu usiotibiwa unaua upesi zaidi. Kwa hiyo usikatae kipimo chenye sababu. Na usiogope kumbeba mtoto baadaye: mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, haikai mwilini.

Fundi ana njia za kuipunguza. Hupunguza nguvu ya umeme kulingana na uzito wa mtoto. Hupiga sehemu inayohitajika tu, tena mara moja. Mtoto akitikisika picha huharibika na kurudiwa, basi mtulize, mwambie mapema kwamba mashine inanguruma lakini haiumi. Mama mwenye mimba asiingie kumshika. Aingie mtu mwingine.

Wewe mzazi uliza: "Daktari, je, ultrasaundi ya moyo haitoshi?" Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi. Mara nyingine haitoshi, kwa mfano daktari anapotaka kuona vizuri mishipa iendayo mapafuni. Uliza pia kama mashine imewekwa kipimo cha mtoto. Kuuliza si utovu wa adabu.

Yule mtoto anasubiri upasuaji. Sidii ya shambani imeteremshwa, lakini imekwaruzika, haisomeki. Ya pili iko sandukuni pamoja na kadi ya kliniki.