Kitabu Kilipomfuata Mtoto Mlangoni

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipotanda mwaka 2020, shule zilifungwa karibu dunia nzima, na wengi wetu tulizungumza sana juu ya mitihani. Juu ya vitabu vya hadithi tulizungumza kidogo. Juma hili nataka tuitazame Marekani, ambako ugonjwa huo uliwakuta wakutubi wa watoto wakijiandaa kwa miezi yao yenye kazi nyingi kupita yote.

Kwanza nieleze desturi yenyewe. Likizo ya kiangazi ya shule za kule huchukua kiasi cha wiki kumi, na tangu miaka ya 1890 zipo maktaba za umma zinazoendesha mpango wa kusoma kwa ajili ya likizo hiyo. Mtoto huandikishwa bila malipo, akapewa kadi, na kila kitabu anachokimaliza hutiwa alama. Kadi ikijaa hupata zawadi, na mara nyingi zawadi hiyo ni kitabu cha kuwa chake kabisa. Ipo pia saa ya hadithi, ambapo wadogo huketi chini wakimzunguka mkutubi.

Msidhani huo ni mchezo wa kupitisha muda. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti nyingi, wakaona kwamba kwa wastani mtoto hurudi shuleni akiwa amepoteza kiasi cha mwezi mmoja wa masomo. Katika kusoma, watoto wa maskini ndio hasa hurudi nyuma. Akili haihusiki hapo. Nyumba moja ina vitabu, nyingine haina. Baadaye Richard Allington na Anne McGill-Franzen walijaribu dawa nyepesi katika jimbo la Florida. Watoto wa shule za mitaa maskini walipewa vitabu 12 kila kiangazi kwa miaka mitatu, vitabu walivyovichagua wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa watoto hao walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa. Shikeni hilo la kuchagua wenyewe, nitalirudia.

Basi Machi 2020 milango ikafungwa. Wengi walikimbilia intaneti. Kadi ikageuka kuwa programu ya simu, na saa ya hadithi ikahamia mbele ya kamera. Hata hilo halikuwa jepesi, kwani kitabu kina mwenyewe, na kukisoma hadharani kwa maelfu ya watu kunahitaji idhini. Wachapishaji kadhaa wakubwa walitoa ruhusa ya muda, yenye masharti, na video nyingine zilitakiwa kuondolewa baada ya tarehe fulani. Nasi tuliokulia hadithi za jioni tunaujua upungufu mwingine: msimuliaji husema "Paukwa" akingojea "Pakawa". Kamera haiitikii. Mimi mtu wa redio nimeizoea hali hiyo, lakini wasikilizaji wangu hawana umri wa miaka minne.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba intaneti ilimfikia mtoto ambaye tayari alikuwa na kompyuta nyumbani, na pengine rafu ya vitabu pia. Yule aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi maktaba kwa sababu kwao hakuna kitu, ndiye aliyeachwa nje. Maktaba nyingi ziliacha mitambo yao ya intaneti ikifanya kazi saa zote, ili familia ziegeshe gari uwanjani na kuitumia. Ulikuwa msaada, sikatai. Lakini mtoto atasikiliza hadithi ngapi katika kiti cha nyuma cha gari, mwezi wa Julai, jua likiwaka?

Kwa maoni yangu, kilichookoa mpango ni mfuko wa karatasi. Mzazi alipiga simu, akaambiwa saa ya kufika, akakuta mfuko juu ya meza nje ya mlango au ukatiwa katika buti ya gari yake. Ndani mlikuwa na vitabu, kalamu za rangi, na vifaa vya kazi ya mikono. Baadhi ya maktaba zilifanya jambo la busara zaidi: zilipeleka vitabu mahali ambapo watoto waligawiwa chakula cha bure cha mchana. Pale ndipo ungempata yule asiye na gari wala simu ya maana.

Sasa nirudi kwenye kuchagua. Mtoto asiyeingia ndani hawezi kupapasa rafu, akafungua kitabu, akakirudisha, akachukua kingine. Mkutubi alilazimika kumchagulia, na ili asimpe tu vile vilivyokuwa karibu na mkono, aliuliza maswali: umri gani, anapenda nini, mara ya mwisho alicheka kwa kitabu gani? Mmoja anataka dinosaria, mwingine garimoshi. Kazi hiyo huchukua muda, tena hufanywa kwa simu, mtoto mmoja baada ya mwingine.

Na vitabu vyenyewe viliogopwa. Juni 2020 majaribio ya maabara yaliyofanywa kwa ajili ya maktaba yaliripoti kwamba virusi havikuonekana tena juu ya majalada na karatasi baada ya siku tatu. Majaribio ya baadaye yakaonyesha kwamba vitabu vikirundikwa, virusi huweza kuonekana hata baada ya siku sita. Kwa hiyo kila kitabu kilichorudi kiliwekwa karantini, na vile vinavyogombewa na watoto ndivyo vilivyokosekana kwa siku nyingi. Aprili 2021 idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilieleza kuwa hatari ya kuambukizwa kwa kugusa vitu ni ndogo, kwa jumla chini ya mara moja kati ya 10,000. Tusiwacheke wakutubi; walifuata kilichojulikana siku ile. Karantini ya vitabu ikaachwa, lakini katika maktaba nyingi meza ya mifuko ilibaki pale mlangoni hata baada ya watoto kuruhusiwa kuingia ndani.